Asiyejiweza Ndiye Aliyeleta Medali



Nchi yetu ya Rwanda ilikwenda katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984, huko Los Angeles. Tangu mwaka huo hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, haijapata kurudi nyumbani na medali ya Olimpiki, hata moja. Katika Michezo ya Paralimpiki, yaani michezo mikuu ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, tulianza kushiriki mwaka 2000. Huko tumepata medali moja. Ni ya shaba, ya mbio za mita 800, iliyopatikana Athens mwaka 2004, na mwenye kuipata ni Jean de Dieu Nkundabera. Jumlisha pande zote mbili, toa na ugawe upendavyo, hesabu ya taifa zima haizidi medali hiyo moja. Na aliyeileta ni mtu wa lile kundi ambalo vifungu vyetu vya ufahamu, matangazo yetu na barua zetu za kuomba misaada huliita "wasiojiweza".

Nasema bila kuuma maneno kwamba jina hilo ni uongo. Si utovu wa adabu tu, wala si suala la kuchagua neno laini badala ya neno gumu. Ni kauli isiyo ya kweli, na sisi walimu wa Kiswahili ndio tunaoilea, tunaoisahihisha tahajia yake kwa wino mwekundu, na kuirudisha kwa mwanafunzi na alama nzuri pembeni.

Lawama hiyo yatuhusu sisi wa nchi jirani kuliko inavyowahusu wenzetu wa pwani. Mtoto wa Mombasa au Unguja amekinyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Neno baya la kitabuni likimjia, bibi yake yupo wa kumwambia kuwa sivyo wasemavyo watu waungwana. Mwanafunzi wetu, isipokuwa yule aliyekulia Nyamirambo au Biryogo akakisikia Kiswahili kibarazani, hana bibi huyo. Hukutana na neno kwa mara ya kwanza ubaoni, kwa mwandiko wa mwalimu. Tunalompa ndilo atakaloondoka nalo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Yafaa basi tujiulize ni Kiswahili gani tunachokirasimisha.

NENO LENYEWE

Tulichambue neno hili kama tunavyochambua mengine darasani. A-si-ye-ji-weza. Kuna kiambishi cha nafsi, kikanushi, kiambishi rejeshi, kiambishi cha kujirejea, na mzizi wa kitenzi. Sasa tafuta kiambishi cha wakati. Hakipo. Aliyeugua aliugua jana, na atakayepona atapona kesho. Lugha imewaachia mlango. Lakini asiyejiweza hakuwekewa jana wala kesho. Hajiwezi alipozaliwa, hajiwezi sasa, wala hatajiweza kamwe. Tena neno halisemi ni kitu gani asichokiweza. Halisemi kwamba hawezi kutembea, au kuona, au kushika kalamu kwa mkono wa kuume. Lasema kwamba hajiwezi yeye mzima, nafsi yake na mambo yake yote. Hukumu kubwa kiasi hicho haitolewi hata mahakamani bila shahidi, nasi twaitoa katika zoezi la kujaza mapengo.

Wako wenzetu ambao wameona tatizo hili lakini wamelishika mkiani. Wao husema kosa liko katika kile kiambishi cha ki-. Husema kwamba kilema, kiwete, kipofu na kiziwi yamewekwa katika ngeli ya vitu, na kwamba hata katika Kinyarwanda maneno kama ikimuga na igipfamatwi yana kiambishi cha namna hiyo, ndiyo maana leo twahimizwa kuyaacha. Sina nia ya kuyatetea maneno hayo. Wanaoitwa kwayo wameyakataa, na mtu akikataa jina unalomwita, adabu yakutaka uliache. Lakini tusiionee sarufi. Kijana ana ki-, kiongozi ana ki-, kinyozi na kipenzi vilevile, na hakuna anayedai kwamba viongozi wetu wametukanwa na ngeli. Tena tazameni upatanisho wa kisarufi. Hatusemi "kipofu kimefika". Twasema "kipofu amefika", na wakiwa wengi "vipofu wamefika". Kitenzi cha Kiswahili kilikwisha kumtambua kuwa ni mtu kabla sisi hatujazaliwa.

Asiyejiweza, kwa upande wake, halina ki- hata kidogo. Laanza na a- ya watu, limevaa vizuri, limechana nywele, na huingia kanisani, msikitini na ofisini bila kubishiwa na mtu. Kwa sababu hiyo ndilo neno la hatari zaidi. Tusi lililo wazi hukemewa na kila mwenye masikio. Tusi lililovaa huruma hupigiwa makofi.

Wala sioni kuwa tumeokoka kwa kukimbilia misemo mirefu yenye ukungu, kama "wenye mahitaji maalumu". Mkimbiaji wa mita 800 ana mahitaji gani yaliyo maalumu? Anahitaji uwanja, mwalimu wa michezo, viatu, chakula cha kutosha na nauli ya kwenda kushindana. Hayo ndiyo mahitaji ya kila mkimbiaji duniani. Mtu ana ulemavu, na ulemavu si siri wala aibu, hivyo na tuseme "mtu mwenye ulemavu" pale inapobidi kuutaja. Pale isipobidi, tusiutaje.

HISTORIA TUSIYOIFUNDISHA

Neno la uongo huishi mahali ambapo habari za kweli hazisimuliwi. Basi na tuzisimulie, maana vitabu vyetu vya darasani vimezinyamazia.

Michezo hii ilianzia hospitalini. Daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi, alikuwa akiwatibu watu walioumia uti wa mgongo vitani katika hospitali ya Stoke Mandeville, nchini Uingereza. Tarehe 29 Julai, 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwashindanisha wanaume na wanawake 16, waliotoka jeshini, kulenga shabaha kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Mwaka 1960 mashindano yaliyotokana na mbegu hiyo yakafanyika Roma, nayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza.

Jirani zetu Kenya na Uganda walikuwamo mapema, tangu Michezo ya Heidelberg ya mwaka 1972. Mwaka 1976 Mganda Tofiri Kibuuka, asiyeona, alishindana kuteleza juu ya theluji huko Örnsköldsvik, Sweden, katika Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi ya kwanza. Yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Ni mwanafunzi gani wa Kampala au Kigali aliyewahi kulikuta jina lake katika kifungu cha ufahamu?

Au mchukueni Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza kuona akiwa kijana. Mwaka 2000 huko Sydney alikimbia mita 5,000 pamoja na mwongozaji wake mwenye macho, kama sheria inavyoruhusu. Mwongozaji akaishiwa na nguvu kabla ya mwisho wa mbio, na ikawa asiyeona ndiye anayemvuta anayeona hadi kwenye mstari. Wakapata dhahabu. Miaka 4 baadaye, Athens, Wanyoike alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Vitabu vyetu vimejaa picha ya kipofu anayeshikwa mkono kuvushwa barabara. Picha ile ya Sydney haimo.

Sasa nije nyumbani. Rwanda ilichelewa. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya vita na ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na watu wengi walioponea chupuchupu walibaki na ulemavu wa mwili. Waliongezeka juu ya wale waliokuwapo tayari kwa sababu za kawaida za dunia, kama polio, ajali za barabarani na kuzaliwa. Mwaka 2000 tulimpeleka Sydney mwanamichezo mmoja, muogeleaji. Mwaka 2004 ikaja shaba ya Nkundabera. Mwaka 2013, katika mashindano ya dunia ya riadha ya watu wenye ulemavu yaliyofanyika Lyon, Ufaransa, Hermas Muvunyi alishinda dhahabu katika mbio zilezile za mita 800. Mwenye kutafuta utamaduni wa mbio za kati nchini mwetu aanzie hapo.

Kisha kuna mpira wa wavu wa kukaa. Mchezo huu ulibuniwa Uholanzi katika miaka ya 1950. Uwanja wake una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Wavu huwekwa mita 1.15 kutoka chini kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Wachezaji 6 kila upande hukaa chini, na mchezaji anapougusa mpira sharti makalio yake yawe yamegusa sakafu. Kwa kuwa wavu uko karibu na uwanja ni mdogo, mpira huenda kasi mno, na mwenye mikono mizito hana nafasi. Mwaka 2012 timu ya wanaume ya Rwanda ilikwenda London, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Paralimpiki katika mchezo huu. Iliangukia kundi moja na Bosnia na Herzegovina pamoja na Iran, timu mbili ambazo hatimaye zilikutana fainali. Ilifungwa na wakubwa, ikaishinda Morocco, ikamaliza ya 9 kati ya timu 10.

Katika timu ile walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukundo. Mmoja alikuwa askari wa upande wa RPF na mwingine askari wa jeshi la serikali ya zamani, na kila mmoja alipata ulemavu kutokana na vita ile. Habari zao zilienea sana mwaka ule, nazo zilistahili kuenea. Maadui wa jana walikuwa wamekaa bega kwa bega upande mmoja wa wavu. Lakini angalieni jinsi zilivyosimuliwa. Tuliambiwa mengi juu ya kusamehe na machache mno juu ya kucheza. Wachezaji waligeuzwa kuwa mfano wa mahubiri, na mfano wa mahubiri hauulizwi kama anajua kupokea mpira wa kuanzishia. Maridhiano ni jambo kubwa. Hata hivyo, wale wawili hawakusafiri hadi London kwa maridhiano tu. Walikwenda kushindana.

Wanawake wakafuata. Mwaka 2016 timu yetu ya wanawake ilikwenda Rio, nayo pia ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Ilimaliza ya 8 kati ya timu 8. Wengine wangesema basi, tumeonekana, inatosha. Hawakusema hivyo. Katika Michezo ya Tokyo ya mwaka 2020, iliyochezwa mwaka 2021 kwa sababu ya maradhi yaliyoienea dunia, Rwanda iliifunga Japani, wenyeji wenyewe, seti 3 kwa 0. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika Paralimpiki, na wakashika nafasi ya 7. Mwaka 2024 walikuwa Paris tena.

Nimeandika nafasi ya 9, ya 8 na ya 7 kwa makusudi, bila kuzificha. Huo ndio uandishi wa michezo. Nao ndio unaonipeleka kwenye kiini cha hoja yangu.

HAKI YA KUSHINDWA

Asiyejiweza hawezi kushindwa. Hilo ndilo ovu kubwa la neno hilo, na sijaona mtu akilitaja. Hawezi kushindwa kwa sababu hakuna aliyemtarajia kushinda. Akifika, apigiwe makofi, akianguka, asaidiwe, akimaliza wa mwisho, aambiwe kuwa kwake kushiriki ni ushindi tosha. Hakuna anayemwambia mwanasoka mzima, aliyefungwa mabao 5, kwamba kushiriki ni ushindi tosha. Twamuuliza: Kwa nini ulinzi ulikuwa wazi? Mazoezi mlifanya lini? Maswali hayo ni makali, lakini ni ya heshima, maana yamchukulia mtu kuwa angeweza kufanya vingine.

Wanawake wetu wa Rio walishindwa. Walishindwa kwelikweli, si kwa mfano. Na kwa kuwa walishindwa kwelikweli, ushindi wao dhidi ya Japani ni ushindi kwelikweli. Anayewanyima kule kushindwa kwa jina la huruma amewanyima na huku kushinda.

Najua majibu yatakayokuja. Niyajibu matatu.

La kwanza husema: "Medali hizo ni rahisi. Wamegawanywa makundi mengi, kila mtu na kundi lake." Ni kweli kwamba kuna makundi. Nkundabera alikimbia katika kundi la T46, ambamo T ni alama ya mbio za uwanjani na namba huonyesha aina ya ulemavu, kwake yeye ulemavu wa mkono. Makundi hayo yapo ili wanaofanana kimwili washindane, na mshindi apatikane kwa mazoezi na akili. Ndondi nazo zimegawanywa kwa uzito. Hakuna aliyewahi kusema kwamba dhahabu ya bondia wa uzito mwepesi ni nusu ya dhahabu kwa kuwa hakupigana na jitu la kilo 100.

La pili husema: "Kuna matatizo makubwa zaidi. Shule zina ngazi zisizopandika kwa magurudumu, miguu ya bandia ni ghali, nawe watuletea habari za mpira." Matatizo hayo yapo, na ni makubwa. Lakini tazameni kila jina hudai nini. "Asiyejiweza" hudai sadaka, na sadaka hutolewa siku mtoaji apendapo. "Mchezaji", "mwanafunzi" na "mpiga kura" hudai haki, nayo haki ina tarehe na bajeti. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliwatengea watu wenye ulemavu kiti bungeni, kwa mwakilishi wanayemchagua wenyewe. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya kulinda haki zao. Kwa hiyo sheria ya nchi yazungumza lugha ya haki, ilhali kitabu cha Kiswahili chazungumza lugha ya sadaka. Na mtoto hukisoma kitabu cha Kiswahili miaka mingi kabla hajaisoma katiba.

La tatu ndilo gumu, nami nalipa heshima yake. Husema: "Mkiwasifu mabingwa, mnawatwisha mzigo wale wasiokimbia. Mama mwenye ulemavu anayeuza nyanya sokoni ataambiwa: mbona mwenzako kaleta medali?" Hatari hiyo ni ya kweli. Hadithi ya shujaa yaweza kuwa huruma ileile iliyotundikwa medali shingoni. Ndiyo maana siombi tufundishe ushujaa. Naomba tufundishe michezo, pamoja na nafasi zake za mwisho, sheria zake, wavu wake na wachezaji wake wa akiba. Mwanafunzi akiisoma habari ya timu iliyofungwa na kurudi tena mazoezini, hajifunzi kwamba kila mwenye ulemavu ni bingwa. Ajifunza kwamba ni mtu kama yeye, ambaye siku nyingine hushinda na siku nyingine hufungwa. Yule mama wa nyanya hahitaji kuitwa shujaa. Amwombacho mteja ni bei nzuri, basi.

Wazee walituachia methali isemayo, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Wengi huitaja hapa wakidhani wanatenda wema. Mimi nasema katika habari hii hata huyo mnyonge hayupo. Iliyobaki ni ile sehemu ya pili peke yake. Vilevile "Hujafa hujaumbika" yatumiwa siku hizi kama kitisho: mheshimu mlemavu, usije ukawa kama yeye. Heshima inayotokana na hofu ya kufanana na mtu si heshima. Ni kinga ya mchawi.

TUFANYE NINI

Kazi yetu ni darasa, kwa hiyo nitataja mambo ya darasani tu.

Kwanza, tuliondoe asiyejiweza katika mazoezi na mitihani yetu. Mwanafunzi akiliandika, tusilikate kwa wino na kupita. Tumwandikie pembeni swali moja: "Hawezi nini?" Aidha atajibu kwa neno la kweli, kama vile hatembei au haoni, au atagundua kwamba hana jibu.

Pili, tuukumbuke mpangilio wa maneno katika lugha yetu. Katika Kiswahili jina hutangulia na sifa hufuata. Atajwaye kwanza kuwa "mlemavu" hubaki mlemavu hadi kituo cha sentensi, hata ukimwongezea sifa kumi. Atajwaye kwanza kuwa "nahodha" hubaki nahodha. Liliane Mukobwankawe amewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa wavu wa kukaa. Sentensi hiyo imekamilika. Haina upungufu unaohitaji kujazwa kwa machozi.

Tatu, tuandike vifungu vya ufahamu kutokana na historia hii, na maswali yake yawe ya michezo. Nimepitisha mikononi mwangu vifungu vingi juu ya watu wenye ulemavu, na swali la mwisho karibu daima ni lile lile: "Tunajifunza nini kutokana na habari hii?" Jibu linalotarajiwa nalo ni lile lile, kwamba tuwahurumie. Hebu tuulize: Wavu wa wanawake una kimo gani? Kwa nini mpira huu huenda kasi? Timu ilifanya nini kati ya Rio na Tokyo ili ishinde? Maswali hayo yatampa mwanafunzi msamiati wa vipimo, wa sababu na matokeo, na wa njeo zote. Kwa mwalimu wa lugha, hiyo ni mali kuliko huruma.

Nne, tukimwalika mchezaji mwenye ulemavu shuleni, tumwalike aje kufundisha mchezo. Tusimwombe asimulie alivyoumia. Akipenda kusimulia, ni hiari yake. Sisi tumwombe sheria za mchezo na tumpe filimbi.

Tano, na hili ndilo lililo karibu nasi kuliko yote: tuangalie kipindi cha michezo katika shule zetu wenyewe. Nani hulinda mikoba ya wenzake chini ya mti? Mara nyingi ni yule mtoto mwenye mguu uliopinda, au asiyeona vizuri. Kazi hiyo amepewa kwa upole, na kwa upole huohuo amefundishwa kuwa uwanja si wake. Mpira wa wavu wa kukaa wataka kamba moja, mpira mmoja na chokaa ya kuchora mistari. Na watoto wote waweza kuucheza, wenye ulemavu na wasio nao, maana kila mwenye makalio ajua kukaa. Wale wepesi wa kukimbia watashangaa jinsi wanavyofungwa na mlinzi wa mikoba.

Na mechi ikiisha, warudi darasani waandike habari yake kwa Kiswahili sanifu, sentensi kumi. Ya kwanza iwe ile ambayo kila mwandishi wa michezo huanza nayo: nani amemfunga nani, na kwa seti ngapi.